Barua kwa mwanangu, pamoja na kitabu cha kuku

Mwanangu,

Ile sauti uliyonitumia Jumapili nimeisikiliza mara tatu. Ya kwanza nilicheka, ya pili nikakuhurumia, ya tatu nikatafuta kalamu, maana ninayotaka kukwambia hayaenei kwenye simu. Unasema Zuhura hataki kusomewa. Umemnunulia vitabu vitatu vya picha, tena vya bei, umempakata vizuri, na kabla hujamaliza mstari wa kwanza yeye kashafunua mpaka mwisho, karudi katikati, kakigeuza kichwa chini miguu juu, kisha kashuka zake kwenda kugonga vifuniko vya sufuria. Ukaniuliza, "Mama, au huyu mtoto hana utulivu?"

Zuhura ana miaka mitatu na nusu. Hana ugonjwa wowote. Mwenye ugonjwa ni wewe, na umeurithi kwangu.

Mwaka 1995 ulikuwa na miaka minne, nami nafundisha darasa la kwanza Muheza. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulikuwa na miaka minne kama wewe, ulianza 1991, na shuleni kwetu lilifika boksi moja la vitabu vyake. Hujui furaha ile. Tulizoea kitabu kimoja cha kiada kwa watoto watano, picha moja kila baada ya kurasa kadhaa, na hivi vilikuwa vya hadithi tupu, Kiswahili chetu, picha kila ukurasa. Kimoja sikukirudisha kabatini. Tuseme nilikiazima, na siku ya kukirudisha bado haijafika.

Kilikuwa cha kuku aliyepotea. Kurasa kumi na sita, pini mbili mgongoni, picha za wino mweusi zilizotiwa rangi ya kahawia peke yake. Nikakusomea kama ninavyosomesha darasani: kidole chini ya neno, "kuku," sema "kuku," tena. Ukichungulia ukurasa wa mbele nakurudisha. Ukiuliza jambo nakwambia subiri tufike mwisho. Siku moja nilikufinya sikio kwa sababu ulikuwa unatazama dirishani, na hilo sijalisahau, hata kama wewe umelisahau. Ikafika mahali ukiniona nakishika kile kitabu unakwenda kujificha nyuma ya mtungi.

Halafu bibi yako akaja kukaa nasi, alipoanza kusumbuliwa na miguu. Unamkumbuka kwa maandazi yake, lakini sijui kama unajua kwamba alikuwa hajui kusoma. Mwaka 1970, ule ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na yeye aliandikishwa kisomo. Akajifunza kuandika jina lake, akasema hilo lamtosha, akarudi shambani kwake.

Jioni alikuwa akikaa barazani anasuka ukili. Siku hiyo ukamfuata na kile kitabu, nadhani ulitaka tu kumwonyesha. Akakwambia, "Fungua mwenyewe, mie mikono sina." Basi ukafungua. Ulipofungua hukuanzia mwanzo, ulianzia katikati, na yeye hakuona kosa lolote.

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Haya, nani huyo hapo?"

"Kuku."

"Kuku wa nani?"

"Wako, bibi."

"Kama wangu, mbona kakwea paa la watu? Kamkimbia nani?"

Ukanyamaza ukatazama picha. Mimi niko jikoni nakuna nazi, nasubiri jibu kama niko mtihanini. Ukasema kamkimbia fundi cherehani. Kitabu kizima hakina fundi cherehani! Nikainuka nikitaka kuja kuwasahihisha, nikaona aibu kumsahihisha mama mkwe, nikarudi kwenye mbuzi yangu. Mpaka giza linaingia yule kuku alikuwa kapanda basi la Korogwe bila nauli na konda kamshusha njiani, nusu Kiswahili, nusu Kibondei cha bibi yako, na wewe ndiye uliyekuwa ukifunua kurasa kwa kidole ulicholamba.

Kesho yake ukampelekea tena. Na kesho kutwa. Siku ya nne hivi nikasikia unauliza, "Bibi, leo mjusi kaenda wapi?" Nikajua hapa sasa wamepotea kabisa. Kile kitabu nilikuwa nimekisoma darasani zaidi ya mara ishirini, hakina mjusi. Nikatoka na kifuu mkononi. Bibi yako hakusema kitu, alininyooshea kidevu tu kuelekea kwenye ukurasa.

Mwanangu, mjusi alikuwepo. Mdogo kama punje ya kunde, lakini yupo: ukurasa huu kwenye bati, ule nyuma ya chungu, ule mwingine juu ya mgongo wa ng'ombe, karibu kila picha. Ukurasa mmoja hayupo, ndiyo maana ulikuwa unamtafuta. Maandishi hayamtaji hata mara moja. Mchoraji alitutilia hadithi ya pili ndani ya ile ya kwanza, na mimi mwenye cheti cha ualimu sikuiona, kwa kuwa jicho langu likiona herufi linakimbilia herufi. Asiyejua kusoma na asiyeanza kusoma walikuwa wameikamata siku nyingi.

Miaka mingi baadaye nilikwenda semina ya walimu wa elimu ya awali. Mkufunzi akatueleza utafiti wa Marekani wa mwaka 1988, wa bwana mmoja Whitehurst na wenzake. Wazazi wa watoto wa miaka miwili hivi walifundishwa kumwachia mtoto nafasi ya kusimulia picha: wamuulize maswali yasiyoishia "ndiyo" na "hapana", kisha jibu lake waliongezee kidogo. Baada ya mwezi mmoja watoto wale waliwaacha wenzao kwa kusema. Wenzangu wanaandika, mimi naona ukili tu.

Kwa hiyo mpe Zuhura kitabu akishike yeye. Akianzia nyuma, anzieni nyuma. Akikaa kwenye picha moja mpaka chai ipoe, chai itapashwa. Usimuulize "hii rangi gani?" kila mara, mtoto anajua kwamba wewe jibu unalo, na nani anapenda kuulizwa na mtu mwenye jibu? Muulize yule anakwenda wapi, mbona kanuna. Akisema "mbwa", sema "mbwa kalowa, sijui kanyeshewa wapi," kisha unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu kwako, nakujua. Maandishi soma siku atakayokuuliza yanasemaje, na atauliza. Akitaka kitabu kilekile siku kumi mfululizo, kisome siku kumi, atakayechoka ni wewe. Na mama Zuhura akianza kuigiza sauti ya fisi usimcheke, anaijua kazi kuliko wewe.

Katuni za kwenye simu sigombani nazo. Ila katuni haimsubiri, na ukurasa unamsubiri.

Vitabu vya bei si lazima. Kuna tovuti ya African Storybook, ipo tangu 2014, hadithi za picha za bure na za Kiswahili zimo tele. Pakua, zichapishe kwa rangi nyeusi hapo steshenari, kunja, shona mgongo kwa uzi, rangi atapaka mwenyewe.

Na kitabu cha kuku nimekitoa sandukuni. Nimekifunga kwenye kipande cha kanga nikampa konda wa basi la asubuhi, atakupigia akifika stendi ya Magufuli, kampokee usimwache anasubiri. Kinanuka dawa ya nondo, kianike kidogo. Karatasi ya ukurasa wa 9 na 10 haipo, uliimwagia uji 1996, kwa hiyo hakuna ajuaye kuku alilala wapi usiku ule. Bibi yako, Mungu amrehemu, kila siku alikuwa na jibu jipya.

Mjusi bado yupo. Usimwonyeshe.

Mama yako