Mwandishi wa filamu, soma mkataba kabla ya kutia saini

Mhariri,

Tunaomba nafasi kuhusu mikataba ya waandishi wa filamu, maana wengi huumizwa hapo.

Ukurasa 1 wa mswada ni takriban dakika 1 kwenye skrini. Filamu ya dakika 100, basi, ni kurasa kama 100, na karibu zote huandikwa upya. Mkataba usiotaja idadi ya marekebisho humfanya mwandishi afanye kazi bure mpaka prodyuza aridhike. Tajeni hatua: muhtasari, rasimu ya kwanza, marekebisho mawili, na malipo ya kila moja inapokabidhiwa. Msikubali “filamu ikishauzwa”. Nyingi haziuzwi kabisa.

Kifungu kibaya kuliko vyote ni “haki zote, milele, kwa njia zote”. Maneno sita tu, lakini yanameza marudio ya televisheni, intaneti na hata sehemu ya pili. Marekani, mwaka 2023, waandishi waligoma siku 148, na malipo ya marudio mtandaoni yalikuwa miongoni mwa madai yao makuu.

Waigizaji nao wakague kipengele cha kunakili sura na sauti kwa akili mnemba. Kisipotaja ni kwa filamu ipi, kikatwe.

Waandishi wa miswada