Mkufu vaa, ila inhela irudi kwenye mkoba

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Huku Masasi wazima, baba ako anakohoa kidogo ila ni vumbi la salfa, si unajua msimu wa kupulizia mikorosho ukifika kila mtu anatembea kajifunga kitambaa puani. Picha nimeiona, mkufu mzuri kwakweli na hilo jiwe la zambarau limekukaa. Ningekusifia tu bas nikalala zangu, ila ile voisi uliyotuma baada ya picha ndo imeninyima usingizi. Ety toka uanze kuvaa amethisti kifua kimefunguka, na inhela yako ya pumu sikuhizi unaiacha kwenye droo maana huihitaji tena. Nikasema hii siijibu kwa voisi, naandika, na utaisoma yote mpaka mwisho maana mimi ndo nimekuzaa.

Kwanza usinione nina ugomvi na mawe. Sisi huku tunaishi juu ya mawe, Ruangwa wanachimba, Tunduru hapo jirani toka miaka ya 90 watu wanachekecha mchanga wa mto wanatafuta safaya, wajomba zako wenyewe walienda na ndoto za gari wakarudi na baiskeli. Jiwe la vito ni mali. Mtu akikuuzia kwasababu linapendeza hajakuibia, bei ni makubaliano yenu. Kaanza kukuibia pale alipokwambia linatibu pumu.

Najua utaniambia "mama lakini mimi nimehisi mwenyewe". Nakuamini kabisa, sisemi unadanganya. Sasa sikiliza, kuna profesa wa saikolojia London anaitwa Christopher French, mwaka 2001 alieleza utafiti wake kwa wanasaikolojia wenzake, alichukua watu 80 akawapa mawe washike huku wametulia kimya dakika 5, wengine wakapewa kwatzi halisi, jiwe la jamii moja na hiyo amethisti yako, na wengine wakapewa la bandia linalofanana nalo, wao hawajui nani kapewa lipi. Wakasema wanasikia joto mkononi, wengine msisimko, wengine akili imetulia. 6 tu ndo walisema hawajahisi kitu. Na wenye jiwe feki walihisi yaleyale sawa na wenye la kweli! Waliohisi zaidi ni wale walioambiwa mapema watarajie nini. Sasa we kumbuka yule dada dukani alivyokueleza kabla hujashika, "utasikia kama kifua kinaachia", si ndo ulivyonisimulia mwenyewe?

Ila huo ni utafiti wa joto la mkononi, wa pumu ndo huu, na nimeusoma kwenye simu mpaka bando ulilonitumia likaisha. Wamarekani walichapisha mwaka 2011 kwenye New England Journal of Medicine. Wagonjwa 39 wa pumu, kila mmoja kwa zamu alipitishwa kwenye mambo manne: inhela ya kweli yenye salbutamoli, inhela isiyo na dawa ndani, sindano za Kichina za kuigiza ambazo hazichomi, na zamu nyingine hapewi chochote anakaa tu kwenye kiti anasubiri. Kila mara wakawa wanafanya vitu viwili, wanamuuliza unajionaje, halafu wanampa kifaa apulize wapime hewa inayotoka kifuani. Kwenye kuulizwa, waliovuta dawa ya kweli walisema wamepata nafuu ya asilimia 50, inhela tupu 45, sindano za kuigiza 46, yaani karibu sawa, na waliokaa bure 21. Haya njoo kwenye kifaa. Dawa ya kweli hewa iliongezeka asilimia 20. Hayo mengine yote, pamoja na kukaa bure kwenye kiti, ni kama asilimia 7 tu.

Umeona hapo? Mapafu yamebana vilevile lakini mwenyewe anasema najisikia vizuri. Ndo maana nimeshtuka. Ingekuwa unaniambia mgongo unauma ukivaa jiwe unapata nafuu ningekwambia vaa mwanangu, maumivu ni kitu cha kusikia na ukisikia yamepungua bas yamepungua. Pumu ni njia ya hewa, imevimba ndani au haijavimba, misuli imekaza au haijakaza, haikuulizi we unajisikiaje. Tena ukisikia vizuri wakati njia imebana ni hatari zaidi ya kusikia vibaya, mana unachelewa kutafuta dawa. Na usinambie yako ni pumu ndogo, wenye pumu wanazoziita ndogo nao wanapata shambulio la kuua, nimefanya kazi zahanati miaka mingi hilo sihitaji kulisoma kwenye simu.

Na kwanini kifua kimefunguka mwezi huu? Kwani si ndo mwezi uliohama kile chumba chenye ukungu ukutani, na huku kwenye salfa hujaja toka mwaka jana. Pumu yenyewe ina tabia ya kuja na kuondoka, watu wanaenda kutafuta tiba mpya ikiwa imewazidi, sasa ikishuka yenyewe kama ilivyozoea sifa kinapewa kilichouzwa siku hiyo. Jiwe limekuja kukuta kazi imeshafanywa.

Kuhusu hoja yako ya saa, kwamba kwatzi inatetemeka ndani ya saa kwa hiyo na la shingoni lina nguvu, hiyo nilicheka lakini ni hoja nzuri, baba ako pia aliikubali kidogo. Ni kweli saa za betri zina kijiwe cha kwatzi ndani na kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Ni kweli pia ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880 waligundua kwamba mawe ya aina hiyo ukiyabana yanatoa umeme kidogo. Ila kijiwe cha saa kinatetemeka kwasababu betri inakipelekea umeme, betri ikifa saa inasimama, jiwe lipo palepale halina habari na wewe. La shingoni kwako betri yake iko wapi? Na hata likitetemeka, nani kapima kwamba mtetemo wa kwatzi unalegeza misuli ya njia ya hewa? Hakuna. Wauzaji wanachukua neno la mafundi umeme wanalivalisha joho la mganga.

Kingine cha kuchekesha. Amethisti ni kwatzi ileile, ina chembe za chuma ndani na mionzi ya asili ardhini ndo imeipa hiyo zambarau. Ukiichoma kwenye tanuri, joto likifika kama nyuzi 450 hivi, inageuka njano, na sitrini, yale mawe ya njano, nyingi zinazouzwa sokoni ni amethisti zilizochomwa. Sasa muulize dada yako wa dukani, amethisti anasema ya kutuliza kifua na usingizi, sitrini anasema ya kuvuta hela, hilo jiwe likiingia kwenye tanuri linabadilisha kazi saa ngapi, likiwa motoni au likishapoa?

Ukasema tena "mama mbona wazee wa huko walitumia jiwe la nyoka kunyonya sumu mtu aking'atwa na lilifanya kazi". Hapo umenigusa penyewe, maana hilo jiwe nimelitoa kwenye miguu ya watu kwa mkono wangu. Kwanza lile si jiwe, ni kipande cha mfupa wa ng'ombe uliochomwa mpaka ukawa mweusi, hata wamisionari wamelitengeneza na kuligawa sana Afrika huku. Linang'ang'ania kwenye jeraha kwasababu lina vitundu vidogo vidogo vinavyonyonya majimaji, vikijaa linadondoka, watu wanasema haya limemaliza sumu. Halafu wanalitia kwenye maziwa, vinatoka vipovu, wanasema unaona sumu hiyo inatoka! Ni hewa mwanangu, hewa ya kwenye vitundu.

Na wanapona kweli, wengi tu, ndo maana jina lake halifi. Nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, na hata wenye sumu wakati mwingine anang'ata bila kuimwaga. Mtu wa hivyo ungemwekea hata kifuniko cha soda angepona na kijiji kizima kingeanza kukusanya vifuniko. Daktari Mwitaliano Francesco Redi alishayajaribu mawe ya nyoka miaka ya 1600 huko akakuta hayaokoi, na mwaka 2007 watafiti wakachapisha majaribio ya jiwe jeusi kwa panya waliochomwa sumu za nyoka wa Afrika, kifutu akiwemo, huyu huyu anayelala kwenye majani makavu chini ya mikorosho, na jiwe halikusaidia kitu. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kati ya 81,000 na 138,000 wanakufa kila mwaka kwa kung'atwa na nyoka.

Mimi niliowaona zahanati ni hivi: wanamleta mkulima kwenye baiskeli, mguu umevimba umepita goti, ngozi inaanza kuwa nyeusi, jiwe bado limeganda pale, unauliza kang'atwa saa ngapi wanakwambia jana jioni. Jana jioni! Usiku mzima walikuwa wanasubiri jiwe lidondoke. Hapo tena unatafuta gari la kumkimbiza hospitali ya Ndanda na unajua hata akifika, nyama iliyokwisha kufa dawa ya sumu haiirudishi. Jiwe lenyewe halikumdhuru. Lilichukua masaa yake tu. Na inhela yako kwenye droo mimi naiona hivyohivyo, siku kifua kikikubana kwenye daladala pale Mbagala foleni haisogei, utaanza kushika jiwe kwanza.

Halafu nisisahau, huyo rafiki yako anayelaza mawe kwenye chupa ya maji ya kunywa, mwambie aache. Lile la kijani la mistari, malakaiti, ni madini ya shaba, si kitu cha kuloweka ukanywa. Na kama kuna kitu kimoja ambacho kwatzi inajulikana kitaalamu kukifanyia kifua cha mtu bas ni vumbi lake. Vijana wanaotoboa miamba na kusaga mawe bila kinga wanavuta hilo vumbi, mapafu yanapata makovu hayaponi, TB inawapata kirahisi, na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameliweka kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Hao wanaolichimba lingekuwa linafungua kifua wangekuwa wanapumua kuliko sisi wote.

Sasa sikulazimishi uutupe mkufu, umeununua kwa hela yako na umekupendeza. Fanya hivi. Inhela itoke kwenye droo irudi kwenye mkoba leo, sio kesho. Nenda kliniki wakupime upya, na uwaulize kuhusu inhela ya kuzuia, ile yenye steroidi, maana hiyo yako ya bluu, ya salbutamoli, inafungua njia tu kwa muda, uvimbe wa ndani haiutibu, na toka 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu inasema mtu mzima asitegemee ya bluu peke yake. Usiogope neno steroidi, ya kuvuta ni dozi ndogo na inaenda kifuani moja kwa moja, ukimaliza kuvuta sukutua mdomo bas.

Na kwa vile unapenda ushahidi, tulijaribu jiwe lako kihalali. Nunua kile kidude cha plastiki cha kupuliza kinachoonyesha namba, maduka ya dawa makubwa wanacho, hela natuma mimi. Asubuhi na jioni puliza mara tatu andika namba kubwa. Mwenzako mnayekaa chumba kimoja atengeneze vifuko viwili vya kitambaa, kimoja ashonee amethisti kingine kokoto ya uzito huohuo, kila wiki akuvalishe kimoja asikwambie kipi, yeye aandike pembeni kwenye daftari lake. Inhela unatembea nayo muda wote na ukibanwa unaivuta, ila na hiyo uandike. Baada ya miezi miwili mfungue madaftari mlinganishe, mnitumie namba zote, sio zile zinazokupendeza tu maana nakujua. Kama wiki za amethisti namba zimepanda kweli na za kokoto zimeshuka, nitapanda basi nije kumuomba radhi yule dada wa dukani mwenyewe, na baba ako kasema atalipa nauli.

Ming'oko nimempa konda wa basi la Ijumaa kwenye kiroba cheupe, kapokee Mbagala mapema, namba ya konda nitakutumia kwa meseji. Ndani ya kiroba kuna na korosho za kubangua kilo mbili, moja ya kwako na moja mpelekee shangazi yako, usimalize zote njiani.

Mama ako