Mkiandika habari za mfupa, andikeni na za tope lake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua niseme neno kuhusu namna magazeti, likiwemo hili lenu, yanavyoripoti habari za visukuku. Kila linapochimbuliwa fuvu au paja la mnyama wa kale, msomaji hupewa urefu wa mnyama huyo, uzito wake na umri wake kwa mamilioni ya miaka, kisha mwishoni, kama kwa kupitia tu, huambiwa kwamba wakati huo eneo hilo lilikuwa msitu, au lilikuwa ziwa. Sentensi hiyo moja haielezwi, na aliyeyajua hayo aliyajuaje hakusemwi. Ndiyo maana sikushangaa niliposoma katika ukurasa huuhuu barua ya msomaji mwenzangu aliyedai kuwa habari za tabianchi ya zama za kale ni kubahatisha, kwa kuwa hakuna mtu aliyekuwapo kuzishuhudia. Simlaumu hata kidogo, kwa sababu alipewa jibu bila kuonyeshwa hesabu.

Hesabu yenyewe iko kwenye tope. Mfupa ukiwa peke yake ni shahidi dhaifu kuhusu mahali: mnyama hutembea, mzoga huchukuliwa na mafuriko, fisi huburuta mguu wakauacha pengine, na hatimaye kinachookotwa kinaweza kuwa kimelala mbali na pale mwenyewe alipokula na kunywa. Mashapo, yaani tope na mchanga uliotuama, yaliyoufunika mfupa ndiyo yanayosema kama maji yalikuwa yametulia au yalikuwa yakienda kasi, kama ziwa lilikuwa likikauka na kuacha chumvi, kama upepo ulikuwa ukileta vumbi kutoka nchi kavu. Ndani yake mna chavua (unga wa maua), ambayo ganda lake la nje ni gumu kiasi kwamba maabara huchemsha udongo katika asidi kali zinazoyeyusha hata mchanga, na chavua ikabaki nzima. Mchunguzi huhesabu punje mia kadhaa, mmea kwa mmea, tabaka kwa tabaka, ili ajue ni mimea gani iliyokuwa ikiota. Msweden Lennart von Post alionyesha njia hiyo mwaka 1916, na tangu hapo wenye kazi wamejifunza pia kutoiamini kupita kiasi: msonobari humwaga chavua nyingi ambayo upepo huipeleka mbali sana, ilhali mti unaochavushwa na wadudu hutoa kidogo, kwa hiyo punje nyingi za msonobari hazimaanishi kwamba misonobari ilikuwa mingi mahali hapo.

Umbo la mfupa nalo hupotosha. Fuvu lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai, Tanzania, mwaka 1959 lilikuwa na magego makubwa na taya nene, na kiumbe huyo, ambaye leo anaitwa Paranthropus boisei, akapachikwa jina la utani la mpasua njugu. Kwa miaka mingi picha zilimchora akivunja maganda magumu kwa meno. Mwaka 2011 matokeo ya kupima kaboni iliyohifadhiwa katika gamba gumu la meno ya jamii yake yalichapishwa. Nyasi za nchi zenye joto hunasa kaboni kwa njia tofauti na miti na vichaka, na tofauti hiyo hubaki kwenye jino la mlaji hata miaka milioni moja na zaidi ikipita. Vipimo vikaonyesha kwamba kwa wastani zaidi ya robo tatu ya chakula chake ilitokana na nyasi au ndago. Taya lilisema hivi, kemia ya jino ikasema vile, na picha ya mandhari yote aliyoishi humo ikabidi ichorwe upya.

Niliwahi kwa miaka kadhaa kufanya kazi ya kuosha mashapo katika maabara, kwa hiyo naomba niwaeleze wasomaji wenu kazi hiyo ilivyo kwa karibu. Mche wa tope, yaani nguzo ndefu nyembamba ya tope, uliotolewa chini ya bahari hupasuliwa katikati kwa urefu wake. Nusu moja hutunzwa bila kuguswa, nusu ya pili hukatwa vipande. Kipande kisichozidi ujazo wa kijiko huoshwa kwa maji juu ya chekecheo lenye matundu madogo mno, na udongo laini ukishapita wote, kinachobaki kikikauka huonekana kwa jicho kama mchanga mweupe. Ukikiweka chini ya hadubini ndipo unapogundua kuwa si mchanga. Ni maganda ya foraminifera, viumbe wa baharini wa seli moja, mengine yamejiviringa kama konokono, mengine yamerundikana kama mapovu. Unalowesha ncha ya burashi yenye nywele mbili tatu, unagusa ganda, linanata, unalihamishia kwenye kisanduku chenye miraba. Na unarudia hivyo mpaka shingo inauma. Baada ya saa nyingi una maganda machache ya spishi moja, yasiyojaza hata ukucha wa kidole cha mwisho, na hayo ndiyo yanayopelekwa kupimwa oksijeni yake.

Oksijeni hiyo ina aina nyepesi na aina nzito. Maji yenye oksijeni nyepesi hugeuka mvuke kwa urahisi zaidi, na mvuke huo ukianguka kama theluji na kugandamana juu ya nchi kavu, oksijeni nyepesi hufungiwa kwenye barafu na bahari hubaki na nzito kwa wingi zaidi. Wakati huohuo, maji yakiwa baridi, ganda lenyewe hupokea oksijeni nzito zaidi. Ganda moja, basi, limebeba habari mbili zilizochanganyika. Mwaka 1955 mwanasayansi Cesare Emiliani alizisoma zaidi kama habari za joto la bahari. Mwaka 1967 mwanasayansi mwingine, Nicholas Shackleton, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya mabadiliko ya oksijeni kutoka tabaka hadi tabaka ni habari za barafu, na hoja yake kila nikiikumbuka naiona nzuri: aliangalia maganda ya viumbe wanaoishi sakafuni mwa bahari yenye kina kirefu, ambako maji tayari yako karibu na kuganda na hayawezi kupoa sana zaidi ya hapo, na bado akayakuta mabadiliko yaleyale. Ikiwa joto halikuwa na mahali pa kushukia, kilichoongezeka na kupungua kilikuwa barafu ya nchi kavu. Mwaka 1976 yeye pamoja na James Hays na John Imbrie wakaonyesha kuwa mabadiliko hayo, katika tope la kusini mwa Bahari ya Hindi, yana mapigo, yaani hujirudia, ya takriban miaka 100,000, 41,000 na 23,000, ambayo ndiyo mapigo ya mabadiliko ya mzunguko wa Dunia kulizunguka Jua na ya mwinamo wake, yaliyokwisha kukokotolewa na wanahesabu kabla tope hilo halijapimwa. Namuuliza kwa heshima msomaji mwenzangu: kubahatisha gani huko kunakokosolewa na kusahihishwa hadharani namna hii, kisha kukalingana na hesabu za watu waliokuwa wakikokotoa mwendo wa Dunia angani?

Sisemi kwamba tope halikosei. Minyoo ya baharini hulichimba na kulichanganya, na pale ambapo linajilundika sentimita chache tu kwa miaka elfu moja, tukio la miaka hamsini linaweza kufutika kabisa. Mara nyingine mashapo mawili hupingana waziwazi. Sahara ilikuwa na maziwa, nyasi na viboko miaka kama 9,000 iliyopita. Hilo halina ubishi mkubwa. Lakini ilikauka vipi? Mashapo yaliyochimbwa baharini nje ya pwani ya Mauritania yanaonyesha vumbi la jangwa likiongezeka ghafla takriban miaka 5,500 iliyopita, kana kwamba mlango ulifungwa. Mashapo ya Ziwa Yoa, kaskazini mwa Chad, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008, yanaonyesha mimea ikibadilika polepole kwa muda mrefu, nyasi zikipungua na mimea ya jangwani ikiingia kidogokidogo. Gazeti linaloandika kwa haraka litachagua moja na kuliacha la pili. Kwa maoni yangu yote mawili yanastahili kuandikwa, kwa sababu vumbi lililoanguka baharini limekusanywa na upepo kutoka eneo kubwa sana, na ziwa moja linaeleza zaidi habari za mazingira yake ya karibu. Mtu akielewa hivyo, kupingana huko kunakuwa taarifa kuhusu ukubwa wa nchi na uzito wa kila ushahidi, na si sababu ya kuutupa ushahidi wote.

Nimetaja kwamba nusu ya mche wa tope hutunzwa bila kuguswa, na hapa ndipo ninapoumia zaidi ninaposoma habari zinazolitukuza jiwe na kuupuuza udongo. Mwaka 1966, katika kambi ya jeshi la Marekani iitwayo Camp Century, kaskazini-magharibi mwa Greenland, wachimbaji walipita kwenye barafu ya karibu mita 1,400 wakafika chini, wakatoa pia mita tatu na ushei za mashapo yaliyogandamana. Dunia ikashughulika na barafu. Yale mashapo yalikaa kwenye majokofu kwa miongo mingi, yakahamishwa hadi Denmark, na yakaja kutambuliwa tena mwaka 2017. Yalipooshwa, ndani yake mlikuwa na vijiti, majani na kuvumwani zilizohifadhika vizuri ajabu. Na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 ukaonyesha kwamba pale penye barafu nene hivyo leo, miaka kama 400,000 iliyopita ardhi ilikuwa wazi na mimea ikiota. Hebu fikiria kama mtu mmoja angeamua kupunguza vitu kwenye jokofu.

Jambo hilohilo liko kwa visukuku vinavyong'olewa na kuuzwa bila kuandikwa vilikuwa katika tabaka gani. Fuvu la namna hiyo linaweza kupendeza kabatini, lakini limenyang'anywa nchi yake, mvua yake na majirani zake. Nimeona wachunguzi wakikwangua kwa uvumilivu udongo uliobaki ndani ya tundu la jicho la mfupa kama huo, wakitumaini kupata walau punje chache za chavua, na sitaki kulisahau hilo.

Na wakati mwingine mfupa haupo kabisa, ila mandhari ipo. Kule Laetoli, Tanzania, majivu ya volkano yalianguka miaka milioni 3.66 iliyopita, yakapata unyevu, yakashika nyayo za wanyama na za viumbe waliotembea wima kama sisi, kisha yakagandamana. Nyayo zile zinajulikana dunia nzima. Kisichosemwa mara nyingi ni kwamba juu ya majivu hayohayo mna vishimo vidogo vya mviringo vilivyoachwa na matone ya mvua. Mvua nyepesi, ya siku fulani, ilinyesha kidogo kiasi cha kupiga alama bila kuyasomba majivu. Sijui habari ya tabianchi ya kale inayonigusa kuliko hiyo, na nimeona makala nyingi kuhusu Laetoli zisizokuwa na tone hata moja.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, Mhariri, ni dogo na linatekelezeka. Mwandishi wenu atakapotumwa tena kwenda kuandika kuhusu mnyama wa kale, amuulize mchimbaji mfupa ulilalia nini na ulifunikwa na nini. Amuulize maneno kama msitu au mbuga yametokana na chavua, meno, udongo au kwa kukisia kutokana na umbo la mwili. Na amuulize ni ushahidi gani ambao haukuafikiana na mwingine. Majibu hayo yaingie kwenye habari yenyewe, hata kama itabidi kupunguza sentensi ya uzito wa mnyama. Na mkichapisha picha ya mfupa, chapisheni pembeni yake picha ya ukuta wa shimo ulimotoka, tabaka zikionekana moja juu ya nyingine.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi