Mwenye kisukari ana miguu pia, Mhariri

Mhariri,

Gazeti lako nimelinunua tangu likiuzwa shilingi mia mbili, na miaka yote hiyo sijawahi kukuandikia. Mmekosea matokeo ya mpira, nikanyamaza. Mmemtangazia kifo mtu aliye hai, mkaomba radhi kwa mistari miwili, nikanyamaza vilevile. Lakini ile makala ya ukurasa wa afya, wiki ya Siku ya Kisukari Duniani, imenishinda. Unaikumbuka: ile yenye picha kubwa ya viongozi waliovaa fulana nyeupe na raba mpya wakiongoza matembezi, na chini yake mwandishi wako anatueleza kwamba kisukari na maradhi ya viungo ni mambo mawili yasiyojuana, yanakutana kwa kuwa umri umekwenda tu, na kwamba mwenye kisukari akivimba mguu ajikaze atembee nusu saa kila siku damu izunguke. Akisikia maumivu, apumzike.

Mambo hayo mawili yanajuana sana. Sukari ikikaa juu miaka mingi hujishikiza kwenye kolajeni, protini inayojenga ngozi, kano na mifuko ya viungo, ikaifanya iwe ngumu isiyonyumbulika. Ndiyo maana vidole vya mwenye kisukari hukakamaa, au kimoja kikikunjwa kinanasa hukohuko. Ndiyo maana bega huganda: kwa watu wengine huwapata 2 hadi 5 katika kila 100, kwa wenye kisukari ni 10 hadi 20. Mimi ni mmoja wao. Miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa naandika nusu ya chini ya ubao, wanafunzi wakadhani ni mtindo wa mwalimu. Kliniki ya sukari wananitoboa kidole, wanaandika namba, wananiambia nipunguze ugali; kuninyanyua mkono, hapana. Na kuna kipimo ambacho hakihitaji hata umeme: mgonjwa akutanishe viganja kama Mkristo anayesali, na vidole visipogusana urefu wote, kuna jambo. (Jirani yangu alhaji anadai ndiyo sababu yeye alichelewa kujigundua, kwani dua zao huombwa viganja vikiwa wazi.)

Lakini bega langu si hoja. Hoja ni mguu wa mdogo wangu. Ni fundi ujenzi, kisukari amekaa nacho miaka mingi, na nyayo zake zilishaingia ganzi kiasi kwamba aliwahi kushinda na msumari ndani ya buti asijue. Siku moja mguu wa kushoto ukavimba kuanzia kifundo mpaka karibu na vidole, ngozi ikang'aa, ukiugusa ni wa moto, lakini mwenyewe anasema haumuumi kwa kiasi cha kumlaza. Shemeji yangu akasema mume wake kakanyaga kitu, unajua watu wanamaanisha nini. Kituo cha afya wakasema gauti, wakampa diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo, ambayo mtu wa kisukari ambaye hata figo zake hazijapimwa hapaswi kukabidhiwa hivihivi. Wakampiga picha ya eksirei, ikatoka safi. Na kwetu picha ikitoka safi hiyo ni hukumu, hakuna rufaa. Akaambiwa hajavunjika, aache uvivu, atembee. Naye ni mtu mtiifu, tangu utotoni alikuwa hivyo, akatembea. Asubuhi alitembea mpaka saiti, mchana akapanda na kushuka na ndoo za zege, jioni akatembea tena ile nusu saa ya kuzungusha damu, maana mtu wa koti jeupe kasema, na redio zilikuwa zinasema hivyohivyo kama mnavyosema ninyi leo. Wakati huo wote mifupa midogo ya katikati ya mguu ilikuwa inalainika, inavunjika na kuhama mahali pake, na yeye hapati habari, kwa sababu mishipa ya fahamu ya kupeleka habari hiyo ilishakufa. Upinde wa wayo ukaporomoka. Wayo ukabinuka kama kitako cha mtumbwi, na pale ulipogusa chini pakachimbika kidonda. Hapo ndipo watu wakaanza kukimbia.

Tulimfikisha hospitali kubwa Dar es Salaam. Daktari kijana, umri wa wanafunzi wangu, alifanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya: akavua soksi zote mbili, akaweka mgongo wa mkono wake juu ya mguu mmoja, kisha juu ya wa pili. Akasema huu ni mguu wa Charcot, yaani mguu uliokufa ganzi ambao mifupa yake inalainika na kuvunjika bila mwenyewe kujua. Kidonda kikashughulikiwa, mguu ukafungwa hogo mpaka chini ya goti, akakatazwa kuukanyagia kwa miezi, hadi joto la miguu yote miwili lilipolingana. Alituambia kwamba hogo hilohilo lingefungwa siku zile picha ikiwa bado safi, umbo la mguu lingepona. Hawakumkata, Mungu mkubwa. Lakini jukwaa la ujenzi hapandi tena, sasa ni mlinzi, anakaa getini kwenye majengo ya mafundi wengine.

Na msiniambie ni ugonjwa mpya. Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza Paris mwaka 1868, kwa wagonjwa ambao kaswende ilikuwa imewaharibu uti wa mgongo. Mwaka 1936 Mmarekani W. R. Jordan akauhusisha na kisukari. Mwaka 1936 babu yangu alikuwa analipa kodi ya kichwa kwa Mwingereza! Na kama mambo ya Wazungu yako mbali, madaktari wa hapahapa Dar es Salaam waliandika mwaka 2005, katika jarida la kitaalamu, kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa miguu na panya wakiwa wamelala. Mtu anatafunwa na panya haamki, halafu mwandishi wako anamwambia akisikia maumivu apumzike. Atayasikia kwa masikio?

Sikatai matembezi. Mwenye kisukari ambaye miguu yake ni mizima atembee, hata goti lililosagika kwa uzito husaidiwa na mwendo. Ninachokataa ni kumwambia hivyo mtu ambaye mguu wake mmoja umevimba na una moto.

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme na lingine. Pale stendi kuna vijana wanaingia kwenye basi na spika shingoni, wanauza unga wa kutibu maumivu ya viungo. Unga huo huo unatibu kisukari, nguvu za kiume na kesi za ardhi. Wazee wenzangu wananunua, na wengine wanaapa kwamba jioni hiyohiyo magoti yaliwaachia. Naamini yaliwaachia. Katika nchi nyingi dawa za namna hiyo zilipopimwa zimekutwa zimechanganywa na steroidi, dawa kali za kushusha uvimbe, na steroidi hutuliza kiungo haraka huku ikipandisha sukari mpaka mtu anazimia. Hata sindano halali ya steroidi inayodungwa begani hospitalini inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa, na aliyenidunga mimi hakuniuliza kama nina kisukari. Sasa, wale vijana wa stendi angalau wanapiga kelele, unawaona. Wenzao wanalipia tangazo kwenye gazeti lako, lenye picha ya goti linalotoa cheche, kurasa chache tu baada ya huo ukurasa wa afya. Mhasibu wako hilo analijua.

Dawa yangu ni hii, na haihitaji mfadhili. Wakati wa Korona kila benki, kila shule na kila ofisi ya serikali ilinunua vile vibunduki vya kupimia joto, tukaelekezewa kipajini kama wahalifu. Vimekwenda wapi? Vipo kwenye makabati, najua, kimoja nimekiona kwenye kabati la ofisi yangu ya zamani, juu ya faili za mahudhurio. Vikusanywe vyote, vinunuliwe betri, vipelekwe kliniki za kisukari. Muuguzi aelekeze mguu wa kushoto, kisha wa kulia, sehemu ileile. Tofauti ikizidi nyuzi 2 na mguu umevimba, mgonjwa akalishwe chini na asitembee hata kwenda kununua soda, mpaka aonwe na anayeujua ugonjwa huo. Na kwenye kadi ya kliniki, pale wanapoandika uzito, waongeze mstari mmoja: amevua viatu, ndiyo au hapana. Wakuu wa wilaya wanaopenda kutembea na fulana wanaweza kuanza kwa kuvua raba zao mbele ya kamera.

Kwako wewe, Mhariri, nataka sahihisho. Lisiwe lile la mistari miwili mliyompa marehemu aliye hai. Nataka lilingane ukubwa na ile picha ya fulana, ukurasa uleule, liseme wazi kwamba mguu wa mwenye kisukari ukivimba na kuwa wa moto, hata usipouma, hata picha ikitoka safi, usikanyagiwe. Kama nafasi ni finyu, ondoeni utabiri wa nyota wa wiki hiyo. Mimi ni Mizani, na wiki ya makala yenu mliniandikia kwamba kuna fedha inakuja.

Mwalimu mstaafu,
Kihonda, Morogoro