Wanadarsa, kuhusu dada yetu aliyefiwa na mtoto

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu zangu, naona humu kwenye kundi letu watu wanamwandikia dada yetu "jikaze, usilie". Najua ni mapenzi, lakini tafadhali tumwache alie. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim, naye mchanga, alitokwa na machozi mbele ya masahaba. Mmoja wao, Abdurrahman bin Auf, alipostaajabu, Mtume alimjibu kuwa hiyo ni rehema. Nabii Yaakub alihuzunika mpaka macho yakawa meupe, na huyo huyo ndiye aliyesema "subira njema". Mashtaka yake aliyapeleka kwa Mola wake (Surat Yusuf, aya ya 86). Tulichokatazwa ni kujipiga mashavu, kuchana nguo na kupiga mayowe ya kijahilia, ya zama za kabla ya Uislamu.

Jana nilimkuta amekaa mkekani, chai imepoa mbele yake, anamweleza kila anayeingia mtoto aliugua vipi. Wallahi inachosha. Tusimuulize tena. Ukifika, mpe mkono, muombee dua, kaa kimya.

Na chakula kitoke kwetu. Jaafar bin Abi Talib alipouawa shahidi katika vita vya Mu'ta, Mtume aliagiza watu wa nyumba ya Jaafar wapikiwe, kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Leo baada ya Alasiri wanaoweza kuleta wali, mchuzi au maandazi waniandikie faragha. Nahitaji pia wa kuosha vyombo na wa kuwachukua watoto wake wakubwa madrasa wiki ijayo, wageni wakishaondoka.