Kaka, kuhusu lile gari la moshi la Bububu

Kaka yangu wa Maskati,

Arobaini ya Babu ni wiki ijayo na najua tiketi hujakata. Hilo nimelisamehe. Ile Idi pili barazani, bado.

Babu kikombe cha kahawa mkononi, anawahadithia watoto gari la moshi lililokuwa likitoka Ngome Kongwe, hapa Unguja mjini, mpaka Bububu, maili 7, na jinsi baba yake alivyolipanda. Kufika pale pa "bu-bu-bu, ndipo pakaitwa Bububu", ukachomoa simu. Reli waliijenga Wamarekani, ikafunguliwa 1905. Binti Salme, yule mtoto wa Sultani, kaitaja Bububu katika kitabu chake cha 1886, reli bado haijajengwa. "Na abiria waliachishwa 1922, Babu, hujazaliwa!" Watoto wakacheka. Akakiweka kikombe chini, kahawa haijaisha. "Haya, nyinyi mmesoma." Hakulitaja tena mpaka tunamzika.

Ulimkatiza kabla hajafika kwenye cheche. Gari likipita, cheche zinaangukia mapaa ya makuti, na bibi yake alikuwa akisikia tu king'ora anaanua nguo kambani, ndoo ya maji i tayari mlangoni. Hayo yamo kwenye simu yako? Unayo mabasi yaliyowanyang'anya abiria, unayo reli iliyobaki kubeba mawe ya bandari mpaka 1928. Ndoo huna.

Lakini wewe ndiye uliyempeleka hospitali usiku ule wa mvua, ukamkalisha mapajani garini kama mtoto. Sijasahau.

Mtu mzima hasahihishwi mbele ya wajukuu, kaka. Unangoja watu watawanyike, unamwambia kando, taratibu. Mimi ningefanya hivyo. Kitabu cha Salme nilikisoma tangu skuli, nikajua, nikanyamaza miaka yote ile, na sikunyamaza kwa woga. Nilikuwa naye kila siku, mimi. Kumwogesha, kumkatia kucha, kumsikiliza gari moja mara mia. Wewe ulikuja siku tisa. Na kama nilicheka, nilicheka kwa kuwa watoto walicheka. Uliniona, najua.

Jana kwenye daladala ya 502 mwanangu kaniuliza kwa nini panaitwa Bububu. Nikamwambia: gari la moshi. Ukija, usinisahihishe.