Dawa za presha na mishipa iliyokakamaa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wenye presha. Wengi tukipimwa tukakuta 120/80, yaani presha ya kawaida, tunaacha vidonge. Jamani, tusifanye hivyo! Presha ikikaa juu miaka mingi, kuta za ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, hukakamaa, na moyo husukuma damu kwa shida. Mzee mwenye 170/70, namba zilizoachana namna hiyo, mara nyingi mishipa yake imeshakuwa migumu.

Dawa nazo hazifanani. Utafiti wa CAFE uliochapishwa mwaka 2006 ulilinganisha tiba iliyoanza na amlodipini na iliyoanza na atenololi. Mkononi presha ilikaribiana, lakini kwenye aota, mshipa mkuu utokao moyoni, kundi la amlodipini lilikuwa chini zaidi kwa takriban 4 mmHg (kipimo cha presha). Ndiyo maana sipendi kuona watu wakiazimana vidonge, na tunaazimana sana.

Mishipa hailegei kwa wiki moja. Miguu ikivimba kwa amlodipini, rudi kliniki ubadilishiwe dawa, usiache kimya kimya. Nawaomba wahudumu wetu wamweleze mgonjwa haya siku ya kwanza, kabla hajakabidhiwa pakiti.

Msomaji wenu,
Tanga